Safu sita ni ishirini na moja

Mjukuu wangu anasomea ufamasia, yuko mwaka wa pili, na likizo iliyopita alikuja kunisalimia. Siku ya tatu, alipochoka kunitazama nikisinzia barazani, alifungua sanduku langu la bati bila kuomba ruhusa, kama wajukuu walivyo. Akatoa chupa ya kijani yenye mistari inayoparuza ubavuni.

"Babu, hii ilikuwa ya manukato ya bibi?"

Kisha akatoa kisahani cha bati cha pembetatu, akakigeuzageuza, akauliza kama ni cha kukatia sambusa.

Nilicheka hadi nikakohoa. Kicheko kilipoisha, hasira ikaingia. Mtoto huyu ataapishwa kesho kutwa kugawa dawa, anajua majina ya molekyuli nisiyoweza kuyatamka, na hajui kisahani cha kuhesabia vidonge. Lakini ningemlaumu kwa lipi? Hajawahi kukiona.

Niliianza kazi hii 1978. Barua ya ajira inasema Februari, ingawa nakumbuka kabisa kwamba mvua za vuli zilinikuta tayari nafagia chumba cha dawa, kwa hiyo huenda ni mwishoni mwa 1977. Tuyaache hayo. Ilikuwa zahanati ya shamba la mkonge, kati ya Muheza na Korogwe: vyumba vitatu, paa la bati, na dirisha moja lenye kimlango cha mbao kilichofunguka kwa nje. Nyuma ya dirisha hilo alisimama Bwana Dawa. Jina lake halisi liliandikwa kwenye orodha ya mishahara tu. Hata mkewe, mbele za watu, alimwita Bwana Dawa.

Ukinifumba macho leo ukaniletea harufu ya chumba kile, nitakwambia hata ni saa ngapi. Asubuhi ilinuka lisoli ya sakafuni. Saa nne, peremende, kwa sababu hapo ndipo tulipochanganya dawa ya maji ya tumbo, ile nyeupe inayotuama chini kama chokaa. Mchana, salfa: Bwana Dawa akisaga marhamu ya upele juu ya kigae, sehemu moja ya unga wa salfa kwa tisa za vaselini, kisu kipana kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, hadi isionekane hata chembe ya njano iliyojitenga. Upepo ukigeuka, harufu zote hizo zilimezwa na ile ya maganda ya mkonge yaliyooza nje ya korona. (Mjukuu wangu aliposikia "korona" alishtuka. Sisi wa Tanga tulikuwa nayo miaka mingi kabla ya ugonjwa. Ndiyo mashine ya kusaga mkonge.)

Sasa kisahani. Vidonge vilikuja katika makopo ya elfu moja moja, na mgonjwa alihitaji kumi, au ishirini na moja. Unavimimina kwenye pembetatu, unakitikisa kidogo, vinajipanga vyenyewe: kimoja kwenye pembe, viwili nyuma yake, vitatu, vinne. Huhesabu vidonge, unahesabu safu. Safu nne ni vidonge kumi, na kumi ndiyo iliyokuwa dozi ya klorokwini ya mtu mzima: vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Safu tano ni kumi na tano, yaani kimoja kutwa mara tatu kwa siku tano. Safu sita ni ishirini na moja, kutwa mara tatu kwa wiki nzima. Safu saba ni ishirini na nane, kutwa mara nne kwa wiki. Nani aliyepanga hesabu ikubaliane na magonjwa namna ile, sijui, lakini Bwana Dawa aliamini ni Mungu. Alikuwa amekwangua namba hizo kwa msumari ubavuni mwa bati, na bado zinasomeka.

Kuhesabu kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kazi hasa ilianza pakiti ilipofika dirishani. Tulifunga vidonge kwa karatasi, na juu yake Bwana Dawa alichora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, maana manamba wengi hawakusoma, na wengine Kiswahili chenyewe kiliwapiga chenga. Aliishika pakiti upande mmoja, mgonjwa akaishika upande wa pili, na hapo hakuiachia. "Haya, niambie mimi sasa." Mgonjwa alisema: cha kwanza king'ora cha asubuhi kikilia, cha pili king'ora cha kutoka kazini, cha tatu wakati wa kulala. Akikosea, pakiti haikutoka. Nimewahi kuona foleni ya watu thelathini ikisubiri juani kwa sababu mkata mkonge mmoja alisisitiza kwamba atameza vyote asubuhi ili amalizane navyo. Mwezi wa Ramadhani alizipanga upya dozi zote: wakati wa futari, wakati wa kulala, wakati wa daku. Naye mwenyewe alikuwa Mkristo.

Dawa za maji zilikuwa na adha zake. Chupa alileta mgonjwa: ya konyagi, ya soda, ya mafuta ya taa iliyooshwa nusunusu, na kizibo chake ni gunzi la mahindi. Chafu tulizirudisha. Safi tulizijaza, tukabandika ukanda wa karatasi uliokatwa vipembe ubavuni, kila kipembe dozi moja, tukaandika: tikisa kabla ya kunywa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka wangu wa pili, dirisha limejaa watu, Bwana Dawa yuko bohari, mama mmoja alitaka dawa ya kuchua mgongo. Nikamjazia kwenye chupa yake ya soda, sikubandika kitu. Bwana Dawa aliporudi aliuliza swali moja tu: "Umempa kwenye chupa gani?" Alivua koti jeupe, akavaa kofia, akaenda kwa miguu hadi kambi ya mwisho ya shamba, saa saba ya mchana, jua kali. Alirudi alasiri na ile chupa ya soda mkononi. Ilikuwa imewekwa juu ya meza, na watoto watatu ndani ya nyumba. Aliiweka mbele yangu, hakusema neno. Kisha akafungua kabati la chini, akatoa chupa ya kijani yenye mistari. "Fumba macho. Shika." Nikashika. "Hii hainywewi. Hata gizani, hata kibatari kimezimika, mkono unajua." Siku iliyofuata nilimpelekea yule mama dawa yake katika chupa ya namna hiyo. Bwana Dawa hakunitajia tena jambo lile, na alipostaafu aliniachia moja, tupu.

1981 nilihamia zahanati ya serikali. Miaka ile ya foleni sina haja ya kuieleza, kila nyumba ina hadithi yake. Kisha yakaja maboksi ya dawa. La kwanza kwetu lilifika 1984, likafunguliwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kila kopo likihesabiwa kama mahari. Klorokwini iliisha kabla ya mwezi kuisha. Makopo matupu yaligombaniwa kuliko dawa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchangiaji ukaingia, daftari likawa la fedha kuliko la dawa. 2001 klorokwini ikaondolewa kwa kuwa malaria ilikuwa imeizoea, tukapewa SP, vitatu kwa mkupuo. 2007 tayari tulikuwa na dawa mseto: ishirini na nne, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, vimefungwa kiwandani, picha za jua na mwezi zimechapishwa tayari. Kisahani kikaingia droo. Nilistaafu 2017.

Sikatai kwamba mengi ni bora. Siku hizi mtu anapimwa kidole kwanza. Sisi kila homa tuliiita malaria, na wako watoto niliowapa klorokwini ambao leo najiuliza waliumwa nini. Na vidole vyetu, tuseme kweli, havikuwa safi siku zote.

Lakini mwezi uliopita niliingia duka moja la dawa mjini kumnunulia jirani amoksilini. Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Ya shilingi ngapi?" Nikasema nataka dozi. "Nzima au nusu?" Akakata karatasi kwa mkasi, akanisukumia juu ya kaunta. Hakuuliza ni ya nani, ana umri gani, amewahi kuvimba midomo baada ya sindano ya penisilini. Niliishika ile karatasi upande wangu nikingoja kitu, yeye alikuwa ameshaiachia zamani.

Nilimsimulia mjukuu hayo yote. Hakunijibu, alikwenda jikoni akarudi na maharage kwenye bakuli. Akamimina kwenye pembetatu, akatikisa. Safu nne, kumi. Safu sita, ishirini na moja. Alihesabu moja moja kuhakikisha, kwa sababu hamwamini babu yake, na nilifurahi.

"Na mseto, babu? Ishirini na nne ni safu ngapi?"

Nikamwambia ajaribu. Akamimina, akatikisa, akatikisa tena. Safu sita zikajaa, punje tatu zikabaki zikizunguka ukingoni bila pa kukaa.

"Haikai," akasema. Akaziokota zile tatu, akazirudisha kwenye bakuli. "Hizi tunapika."