Habari za Moshono: Duka la Mangi Lafungwa

Mwezi huu twawachukua mpaka Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, tuwaonyeshe mahali padogo ambapo wengine wenu mmepajua tangu utoto, na wengine hamjapata kupasikia. Mahali penyewe ni duka. Mwisho wa mwezi ujao mlango wake utafungwa, wala hautafunguliwa tena. Basi twaona yafaa habari zake ziandikwe wakati mbao zake zingali na bidhaa.

Mtu atokaye mjini hupita Kijenge, akaifuata njia ya Moshono. Kukiwa hakuna mawingu, kushoto kwake auona mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566. Udongo wa nchi hii ni zawadi ya mlima huo, maana zamani ulitoa moto na majivu; kwa hiyo migomba, mahindi na maharage hustawi hapa. Wenyeji ni Waarusha, jamaa za Wamasai kwa lugha na kwa desturi nyingi, ila hawa walishika jembe tangu zamani. Siku hizi mashamba yamepungua. Palipokuwa na migomba pamesimama nyumba, na watu wa makabila mengi wamehamia.

Duka letu liko kando ya njia, chini ya mringaringa. Mwenyewe ni mtu wa Kilimanjaro, na kama ilivyo desturi katika miji yetu, watu humwita Mangi. Kwa Wachaga jina hili ni la mtawala. Walakini Mangi wetu hakuwa na milki ila chumba kimoja, mizani yenye mawe ya chuma, na pipa la mafuta ya taa. Hata hivyo watu wengi walimtii kuliko wakubwa, kwa maana alipofunga duka usiku kila nyumba ilijua ya kuwa saa ya kulala imefika.

Wazee hutukumbusha ya kwamba zamani duka halikuwa jambo jepesi katika nchi yetu. Mwaka 1976 ilitangazwa Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa, ili maduka ya ushirika na ya vijiji yashike mahali pake. Nia ilikuwa kumwokoa mnunuzi na unyonyaji. Lakini bidhaa zikaadimika, hata shauri hilo likalegezwa. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, na nyuma yake miaka ya foleni. Watu walipanga mstari kwa sabuni na sukari, wakala unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao kwa mzaha waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya timu ile. Biashara ilipofunguliwa tena, hasa katika urais wa Ali Hassan Mwinyi ulioanza mwaka 1985, ndipo maduka madogo yalipochipuka kama uyoga baada ya mvua. Duka la Mangi ni mmoja wa uyoga huo.

Aliyeyaonja mambo hayo ataelewa kwa nini duka hili lilipendwa. Humo mtu alipata chumvi, viberiti, majani ya chai, dagaa, na magadi ya kulainishia maharage. Sabuni ya mche ilikatwa vipande, mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kikombe, sukari kwa robo. Mwenye shilingi chache hakuona haya. Mizani ya Mangi ilikuwa ya haki, na mtoto aliyetumwa alirudi na chenji kamili, pamoja na peremende moja ambayo haikuandikwa popote. Mabibi wa Kiarusha walipofika, Mangi aliwaamkia kwa lugha yao, "Takwenya," nao wakaitika "Iko," kisha wakaketi juu ya gunia wakapumzisha miguu kabla ya kutaja haja zao.

Ukutani ametundika ubao ulioandikwa, "Leo fedha taslimu, kesho mkopo." Chini ya ubao huo huo ndipo lilipolala daftari la mikopo. Humo yameandikwa majina ya nusu ya Moshono. Kukitokea msiba usiku, Mangi aliamshwa, naye akatoa sukari, majani ya chai na unga kwa ajili ya waombolezaji, bila kuuliza fedha. Asubuhi akaandika mstari mmoja kwa kalamu. Karo za shule zilipomaliza fedha nyumbani, daftari hili lililisha watoto mpaka mavuno.

Tulimwuliza kwa nini afunga. Akatujibu, "Mwalimu, magoti yangu yamechoka, na wanangu wana kazi zao mbali. Lakini hayo si yote. Duka la jumla mjini halipokei majina ya watu, lapokea fedha."

Ndugu, tulitafakari neno hilo. Mangi hununua mjini kwa fedha mkononi, akauza Moshono kwa daftari. Kila mkopo usiorudi ni gunia la sukari ambalo hawezi kulinunua tena. Na hivyo mtaji wake umegeuka kidogo kidogo kuwa maandishi.

Wengine husema maduka madogo yafa kwa sababu ya maduka makubwa. Labda yamo kweli. Lakini na tuyatazame makubwa hayo. Mjini Arusha palikuwa na Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt, kampuni iliyoanzia Nakuru, Kenya, nayo ilikuwa imeenea mpaka Uganda na Rwanda. Uchumi, kampuni nyingine ya Kenya, iliyafunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Haikupita miaka mingi Nakumatt nayo ikaondoka. Na mwezi wa Januari 2020 waliokuwa wakiidai wakakata shauri ivunjwe, kwa sababu haikuweza kuwalipa. Basi twaona ya kuwa duka kubwa liliangushwa na deni lililodaiwa, na duka dogo linaangushwa na deni linalowadai watu. Jengo lenye taa nyingi na chumba chenye pipa moja vyote viwili vyasimama juu ya nguzo moja: mtu kutimiza ahadi yake.

Mangi akiondoka, vijana hawatapata taabu. Watakwenda madukani kwingine. Wataopungukiwa ni wazee wasioweza kutembea mbali, na wajane ambao hakuna mwenye duka mpya awajuaye kwa jina. Uaminifu wa namna ile haununuliwi siku moja. Atakayefungua duka jingine hapa atasikia kwanza yaliyompata Mangi, na kwa habari hizo ataamua kama aweke daftari, au aweke ubao peke yake. Kwa hiyo deni la leo si la Mangi tu. Ni la yule mjane wa kesho atakayenyimwa robo ya sukari.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya madeni, katika sura ya 13, nanyi mwalijua fungu lenyewe. Wakristo wa Moshono, majina yenu yamo katika daftari pamoja na ya wasiosali. Mangi hatampeleka mtu barazani. Ametuambia hivyo waziwazi. Basi hapo ndipo moyo upimwapo, mahali ambapo hapana askari wala hakimu. Asiyeweza kulipa yote alipe nusu. Asiye na nusu aende aseme neno, kwa maana kukaa kimya ni kumwibia mtu mara mbili. Aliye safarini hana udhuru, kwa kuwa tangu mwaka 2008 M-Pesa imefika Tanzania, na fedha huvuka milima kwa simu.

Daftari litakaa juu ya meza mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Aendaye na aende mchana, amwamkie mzee, alipe, kisha aombe mstari wake ukatwe kwa kalamu mbele ya macho yake. Na Mungu amjalie Mangi mapumziko mema, nasi atujalie kuwa watu wa kuaminika. Amina.