Dalili za Masika Katika Msitu wa Sokoke

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akisha kuvuka daraja la Kilifi na kwenda mwendo kidogo, huona upande wake wa kushoto msitu mrefu ufuatao barabara mpaka karibu na Gede. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Katika misitu ya asili ya pwani iliyosalia Afrika ya Mashariki, hakuna kipande kimoja kilicho kikubwa kuliko huu.

Mwezi wa Februari, kaskazi ivumapo, msitu huonekana kama uliolala. Majani makavu hulia chini ya miguu na vidimbwi huwa vimekauka. Mkulima wa Kigiriama aliye jirani na msitu huanza kutayarisha shamba lake, na huku akitazama dalili za mvua.

Dalili moja ni upepo. Kaskazi hulegea, joto la usiku huzidi, na mawingu huanza kupanda kutoka baharini. Nyingine ni ndege. Mbayuwayu waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya huondoka mwezi wa Machi na Aprili kurudi kwao, kwa kuwa huko nako miti inachipua. Basi ndege huyo huyo ambaye kuondoka kwake hapa kwaonya kwamba masika yako karibu, kule aendako hushangiliwa kwa kuwa baridi imekwisha. Tena wako wazee ambao jioni hutazama upande wa magharibi wazione nyota za kilimia, ambazo jina lake lenyewe latokana na kulima.

Mvua ya kwanza ikisha kunyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na watoto huwakimbilia na vyombo mkononi. Usiku vyura hupiga kelele katika kila kidimbwi. Kisha, majani mapya yakisha kufunguka, vipepeo huongezeka. Mtu akipita njia za msitu asubuhi, jua likiwa limekausha umande, huwaona makundi kwa makundi wametua juu ya matope, mabawa wameyakunja. Hao kwa kawaida ni madume, nao hunyonya chumvi iliyomo katika maji ya matope. Majike wao hutafuta mahali pa kutaga.

Kila aina ya kipepeo ina mimea yake maalumu ya kutagia, wala kiwavi hawezi kula jani lo lote tu. Mwenye milimau au michungwa anamjua mmoja wao vizuri. Ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na akikua huwa kijani; akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu mbaya. Mwenye bustani humwua, naye ana haki, maana miche michanga yaweza kubaki vijiti vitupu.

Lakini karibu na Sokoke wako wakulima wanaolisha viwavi kwa makusudi. Zamani wengi wao hawakuupenda msitu. Nyani na tembo walitoka humo wakala mahindi, na wenye watoto wengi waliona afadhali msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, mradi uitwao Kipepeo. Wakulima hukamata vipepeo majike wachache msituni na kuwaweka katika vibanda vya wavu, pamoja na mimea wanayoipenda. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani mabichi na kulindwa na siafu na nyigu. Kiwavi akisha kujifungia ndani ya ganda lake, hupelekwa Gede, mkulima akalipwa. Maganda hayo hufungwa kwa uangalifu na kupelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio ili watazame vipepeo wakiruka ndani ya nyumba za vioo. Safari haina budi kuwa ya haraka, kwa maana kipepeo hamngoji mtu. Siku zake zikitimia hutoka, hata kama yungali njiani.

Kazi hiyo haikuwaondoa nyani mashambani, wala haimtajirishi kila mtu. Masika yakikosa, majani huwa haba, na mfugaji wa vipepeo huona taabu sawa na mwenye mahindi. Lakini msitu ukikatwa, mimea ya kulishia viwavi itakwisha, na majike wa mbegu hawatapatikana tena. Kwa hiyo mkulima aliyekuwa akitazama mawingu kwa ajili ya mahindi yake tu, sasa hutazama na miti ya msituni pia, aone kama imeanza kuchipua.