Redio iliyonyamaza Handeni na fundi wake wa Korogwe

Abiria wengi wa Dar es Salaam, Moshi na Arusha huijua Korogwe kupitia dirisha la basi. Huona machungwa, mahindi ya kuchoma na vijana wanaokimbia sambamba na gari kabla halijasimama. Wananunua, wanaondoka. Anayeteremka na kuingia mitaa ya Manundu anaweza kuikuta nyumba yenye baraza pana, ambako redio kumi na nne za kale zimepangwa juu ya meza mbili, kila moja imefunikwa kitambaa. Wapita njia huuliza bei. Wanaambiwa haziuzwi.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Mtaani wanamwita Mwalimu, na hapa jina hilo linatosha. Alipofikisha miaka 60 na kukabidhi ofisi, miezi ya kwanza aliitumia kuhamisha kiti kufuata kivuli cha mwembe. Usiku alikosa usingizi, mchana akasinzia. Mkewe, ambaye bado alikuwa na genge lake la kuangalia, alichoka kumuona hivyo. Siku moja alitoa stoo redio ya National iliyoliwa kutu, akaiweka mbele ya mumewe. Aitengeneze au aitupe, lakini asikae bure.

Ilimchukua wiki tatu. Siku ilipokoroma kidogo na kutoa sauti, mke alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tangu hapo nyumba ina makubaliano: pensheni haiguswi, redio hununuliwa kwa fedha ya kuku tu. Mwaka ambao kideri kilipita bandani, hakuna redio iliyonunuliwa.

Kwingineko duniani watu wa umri wake hununua magari ya kale, saa za ukutani, hata mashine za pinball zilizowahi kuliwa sarafu kwenye kumbi za starehe, wakazifungua na kuzirudisha katika hali yake ya zamani. Huku kwetu kifaa kilichobaki kwa wingi majumbani ni redio. Matsushita ya Japani, yenye chapa ya National, ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Philips ya Uholanzi ikawa na kiwanda chake Arusha. Redio hizo zilifika hadi vijijini kabisa, ambako umeme haukuwepo, kwa sababu zilitumia betri kubwa za kawaida. Nyingi bado ziko juu ya makabati, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, hazisemi kitu.

Nyingine ziko Handeni, na ndiyo maana Mwalimu hupanda gari kwenda huko mara moja kwa mwezi. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, siku hizi lami tupu. Safari yenyewe ni ya kubadilisha nchi. Nyuma unaacha bonde la Mto Pangani, mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari na milima ya Usambara upande wa kaskazini. Mbele unaingia katika vilima vikavu vya Uziguani, udongo mwekundu, mahindi yanayosubiri mvua, mbuzi barabarani. Maji ni habari ya kila siku huko. Mji wa Handeni umetegemea kwa miaka mingi bomba linalovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na ndoo za njano zinazopangwa foleni zinaeleza mengine.

Kununua redio si kazi rahisi kama inavyosikika. Kikwazo kikubwa ni uvumi wa zebaki nyekundu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walivamia masoko wakitafuta cherehani za kale za Singer kwa imani kwamba zina zebaki ya thamani kubwa, na bei zikapanda ajabu hadi polisi wakasema ni utapeli. Hadithi za namna hiyo husafiri, na zikifika kwetu huhamia kwenye redio. Mwalimu amewahi kutajiwa shilingi milioni 3 kwa redio isiyo na spika. Akimweleza mwenye mali kwamba ndani hamna kitu zaidi ya waya na sumaku, anaonekana ndiye tapeli. Basi hushukuru, huaga, huondoka. Kwa faida ya msomaji: zebaki nyekundu ya hadithi hizo haipo, na zebaki halisi ni sumu. Mtu anayevunja vyombo vya kale akiitafuta anajitakia madhara bure.

Redio ambayo imemfanya azungumziwe hadi Korogwe hakuinunua. Aliikuta katika nyumba ya bibi mmoja mjane, kijiji cha ndani kidogo nje ya mji wa Handeni. Alikuwa amepelekwa na dereva wa bodaboda aliyesikia kwamba kuna mzee anatafuta redio.

“Shikamoo, Mama,” alisema Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amemzidi umri.

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila hii siuzi.”

Ilikuwa Philips ya sanduku la mbao, kitambaa cha spika kimechanika pembeni. Mwaka 1973 marehemu mumewe alichaguliwa kuongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wenye wazazi wa rika hilo watakuwa wameisikia. Kwa wiki 12, Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya na vikundi vya watu wazima vikakaa nchi nzima kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadili, kisha kukubaliana nini kifanyike kijijini. Waliozungumziwa ni maadui wa kawaida: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia watu milioni 2, na vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu ya vikao vile. Ni miongoni mwa kampeni kubwa za afya kupitia redio zilizowahi kufanyika Afrika, na leo inatajwa zaidi katika vitabu vya wasomi kuliko katika zahanati zetu.

Bibi hakutumia maneno hayo. Alionesha mahali chini ya mti ambapo wanawake walikaa upande huu na wanaume upande ule, na kusema kwamba choo cha kwanza cha nyumba hiyo kilichimbwa wiki ile ile walipojadili safura. Mumewe alikuwa hamruhusu mtu yeyote kugusa kitufe cha sauti. Redio ilinyamaza miaka mingi kabla yeye hajafariki. Alichotaka bibi ni kimoja: isikike tena, hata mara moja.

Mwalimu aliibeba hadi Korogwe ndani ya shuka.

Alipoifungua alikuta kiota cha nyigu, mayai ya mende na vyumba vya betri vilivyotafunwa na maji yaliyovuja kwenye betri zilizosahauliwa. Huo ndio ugonjwa namba moja wa redio hizi. Alisugua kwa msasa laini, akafuta kwa spiriti, akakata bati jipya la kushika betri. Uzi unaozungusha mshale wa kutafutia stesheni ulikuwa umekatika, akaufunga mwingine wa kuvulia samaki. Kapasita zilikuwa zimekauka. Transista mbili za aina ya zamani zilikufa, na kwa kuwa hazitengenezwi tena kwa wingi, alizitoa kwenye mzoga wa redio nyingine, baada ya Kariakoo kumjibu kwamba hawajaziona siku nyingi.

Kisha akaharibu. Vipinga umeme vidogo huandikwa thamani yake kwa mistari ya rangi, na mstari mmoja wa kahawia ukiusoma kama mwekundu, thamani inazidi mara kumi. Mwalimu aliweka kisicho chake. Moshi ulipanda. Aliweka kingine, akakosea tena. Mjukuu wake wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama begani kwake, alisema, “Babu, hiyo si nyekundu.”

Mzee alikasirika kwanza. Jioni akamwita mkewe barazani, akamuuliza kanga aliyovaa ina rangi gani. Aliyoiona yeye ilikuwa ya udongo. Ilikuwa ya machungwa.

Kliniki ya macho iligundua mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ni ugonjwa unaokuja polepole mno, lenzi ndani ya jicho ikipoteza uangavu, na rangi zinafifia bila mwenyewe kujua kwa kuwa hana cha kulinganisha. Watu wengi husubiri hadi washindwe kutembea peke yao. Duniani kote ndio sababu kubwa zaidi ya upofu, na tiba yake ni upasuaji mfupi wa kutoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia. Hakuna dawa ya matone inayouondoa, wala majani yanayokamuliwa jichoni, ambayo yanaweza kuongeza kidonda juu ya ugonjwa. Mwalimu alifanyiwa jicho la kwanza, na baadaye la pili. Anasema kilichomshangaza aliporudi nyumbani ni bluu ya ndoo.

Redio ya bibi ilikaa miezi mitano ikiwa wazi mezani. Fedha ya kuku iliisha kwenye nauli za kliniki, na mkewe ndiye aliyetoa ya genge kununua kapasita.

Kuna jambo jingine ambalo nyumba hii ilibadilisha, na linahusu watoto. Risasi ya kulehemu ya zamani ina madini ya risasi kweli, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama. Yanaumiza zaidi ubongo wa mtoto. Mwanzoni Mwalimu alilehemu sebuleni, sahani ya mihogo pembeni. Sasa kazi hiyo hufanyika barazani penye upepo, hakuna kula mezani hapo, meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumshika mtu. Mjukuu anaruhusiwa kusoma rangi na kupima betri kwa mita. Kulehemu, bado. Redio za zamani zaidi, zile za taa za kioo zinazotumia umeme wa ukutani, haruhusiwi hata kuzifungua, maana kapasita zake zinaweza kushika umeme mkali wa kumpiga mtu hata baada ya waya kuchomolewa.

Siku Philips ilipowashwa ikakubali, lilijitokeza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Isikike nini? Redio ile ina masafa ya kati na masafa mafupi. Haina FM, na karibu kila stesheni inayosikilizwa leo imo kwenye FM. Mchana ilitoa mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, ukizidishwa na chaja za simu na taa za LED za majirani. Mjukuu alikuwa na jibu tayari: kuna kibao kidogo cha FM na bluetooth, cha bei ndogo tu, kinaingia ndani ya sanduku na kutumia spika ile ile. Watu wengi hufanya hivyo. Kwa Mwalimu, redio iliyotolewa matumbo yake si redio tena, ni sanduku. Walibishana siku mbili nzima, babu na mjukuu, mpaka mkewe akawauliza redio ni ya nani.

Wakaenda Handeni wote watatu. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho. Akauliza kama usiku ni sawa na mchana. Mwalimu akajibu kwamba usiku mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi. Basi tusubiri, alisema bibi, na chakula kikapikwa.

Yapata saa tatu, kijiji kimetulia, Mwalimu alizungusha kitufe taratibu. Vilio, Kiarabu, wimbo uliokatika katikati, kisha sauti ya mwanamume akisoma habari kwa Kiswahili, ikija na kuondoka kama mtu anayezungumza huku upepo ukivuma. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mkono shavuni. Mjukuu alinyoosha kidole kuongeza sauti.

“Acha,” bibi alimwambia. “Hapo haguswi.”

Kibao cha FM kimebaki kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati la Korogwe. Bibi amesema atafikiria, labda baada ya mavuno.