Kanisa Dogo la Mateka Njiani Mai Mahiu

Msafiri atokaye Garissa kwenda Naivasha huvuka Mto Tana, akaiacha nyuma nchi ya mchanga na miiba, akapita Mwingi na Thika hata akafika Nairobi. Kutoka hapo hupanda mpaka Limuru penye baridi na mashamba ya chai. Kisha nchi hukatika ghafula mbele yake, na Bonde la Ufa huonekana chini limetandikwa kama mkeka. Akishika barabara ya zamani iteremkayo Mai Mahiu, huona kando ya njia, chini ya mteremko, nyumba ya mawe yenye mnara, ndogo mno hata mgeni huweza kuipita asiitambue. Hilo ndilo Kanisa la Mtakatifu Maria wa Malaika, na wengi huliita Kanisa la Wasafiri.

Ajabu ya kanisa hili ni kwamba habari zake hazikuanzia bondeni. Zilianzia kule kule kaskazini alikotoka msafiri huyo.

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na majeshi yake yalikuwa tayari Somalia na Uhabeshi. Mwezi huo huo ndege za Wataliani zilipiga mabomu Wajir, na Julai mji wa Moyale ukatwaliwa. Ndipo Garissa, boma dogo kando ya Tana, ilipojaa askari na magari. Walikuwapo K.A.R. wa Afrika Mashariki, askari wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na wengine wa Nigeria na Afrika Kusini. Mwaka 1941 majeshi hayo yaliingia Somalia: Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwezi wa Mei Amedeo, Duke wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Italia, alisalimu amri huko Amba Alagi. Mateka wakawa maelfu kwa maelfu, na wengi wao wakaletwa Kenya.

Mateka hawakukaa bure. Baadhi yao walipewa kazi ya kujenga barabara ya kuteremka kutoka Nairobi mpaka bondeni. Kazi ilikuwa ngumu, maana upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni genge. Njia ilibidi ichongwe ubavuni mwa mlima, ikizunguka pole pole, ili gari lenye mzigo liweze kupanda na kushuka. Mwaka 1942, kazi hiyo ikiendelea, mateka hao hao walijenga kanisa lao.

Walijenga kama walivyoona kwao. Katika vijiji vya Italia, na vya Ufaransa pia, kanisa la zamani hujengwa kwa mawe ya pale pale. Kuta huwa nene, mlango huwa na tao juu yake, na kando husimama mnara wa kengele, ili mkulima aliye shambani asikie wito. Makanisa mengi ya namna hiyo yalichukua vizazi kumalizika: babu aliweka msingi, mjukuu akaezeka. Mateka hawakuwa na vizazi, wala hawakujua vita vingekwisha lini. Basi waliupunguza mfano huo wa kijijini mpaka ukatosha nguvu zao: chumba cha mawe cha kutosha watu kama 12, altare, picha ya Bikira Maria ukutani, na mnara mwembamba.

Jina nalo halikuchukuliwa ovyo. Karibu na mji wa Assisi, Italia, liko kanisa kuu lenye jina hilo hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1569. Ndani yake, kama kiini ndani ya yai, mna kikanisa kikuukuu kiitwacho Porziuncola, ambacho Mtakatifu Fransisko alikitengeneza kwa mikono yake kilipokuwa kimebomoka. Fransisko alifariki mahali hapo mwaka 1226. Kwa Mtaliani aliye mbali na kwao, jina hilo lilikuwa ukumbusho wa kanisa dogo lililotukuka kuliko makubwa.

Si mateka wote waliorudi kwao. Duke wa Aosta mwenyewe alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akazikwa Nyeri, na huko baada ya vita Italia ilijenga kanisa kubwa la kuhifadhi mifupa ya askari wake. Lile la Nyeri ni la wafu. Lile la Mai Mahiu lilijengwa na watu walio hai, waliokuwa wakisubiri.

Wazee wetu husema vita havina macho. Waliotoka Garissa na bunduki, na waliotekwa mbele yao, walikuwa zaidi wana wa wakulima, nao hawakuulizwa kama walitaka kupigana. Siku hizi magari mengi yapandayo mlima ule hayasimami. Lakini dereva aliyechoka akiegesha gari kando ya njia, aweza kuingia na kuketi penye ubaridi wa mawe yale, kisha akaendelea na safari yake juu ya barabara iliyochongwa na mikono ile ile.