Greda la Vugiri na nyaya mbili zilizoacha kuongea

Nimekuwa kimya hapa kwa siku kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa Korogwe, nikapanda hadi Vugiri, juu kwenye Usambara Magharibi, kufuatilia habari ya barabara baada ya mvua. Habari yenyewe nimeshaiandika kazini. Hii hapa ni ile ambayo mhariri alisema haina nafasi.

Ukitoka Korogwe kwenye joto na mkonge, unapanda kona baada ya kona mpaka unakutana na baridi na ukungu. Mvua ikizidi, udongo wa mlimani unashuka barabarani na watu wanabaki kungoja mashine moja tu: greda. Siku niliyofika, greda lenyewe lilikuwa limezima katikati ya kona, siku ya pili hiyo. Nyuma yake Fuso lililojaa ndizi, bodaboda wanapenya pembeni kwenye tope, na mama mmoja mjamzito kashushwa garini avuke kwa miguu huku ameshikwa mikono pande zote mbili. 

Injini ilikuwa inawaka vizuri. Ila gia haziingii, mishale ya dashibodi imelala kwenye sifuri, na kioo kinaonyesha namba za hitilafu ambazo kwa maneno ya kawaida zinasema: mawasiliano yamekatika. Msimamizi alikuwa ameshatoa hukumu. Kompyuta ya gia imekufa, iagizwe nyingine Dar, na opereta aeleze alichokifanya. Hata neno "hujuma" lilikuwa limeshatajwa. Opereta, mzee wa makamo, alikuwa amekaa juu ya jiwe, hasemi kitu.

Akaja fundi umeme kwa pikipiki. Kijana, begi moja dogo, hana hata laptop. Kabla ya kugusa chochote akamwendea yule opereta.

"Shikamoo mzee. Ilianzaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ilianza kwenye mashimo. Dashibodi inazima, inarudi. Juzi nimekata kona hapa, ikazima moja kwa moja."

Kumbe katika siku mbili zile hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

Wadau, mimi nilidhani greda ni chuma na mafuta basi. Siyo. Mashine za siku hizi zina kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya dashibodi. Zote zinaongea kupitia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo unaitwa CAN, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Nyaya zikiwa kimya, kila mmoja una kama volti 2.5. Kompyuta ikiongea, mmoja unapanda hadi 3.5 na mwingine unashuka hadi 1.5. Anayesikiliza anaangalia ile tofauti. Ndiyo maana zimesokotwa: kelele ya umeme kutoka nje ikiingia, inazipata zote mbili sawasawa, tofauti inabaki pale pale.

Kila mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, kazi yake kuzuia sauti isigonge mwisho na kurudi kama mwangwi. Rezista mbili sambamba zinatoa omu 60. Kwa hiyo fundi anakata betri, anachomeka mita kwenye matundu mawili ya soketi ya uchunguzi na kusoma. Ikisoma 60, njia ni nzima kwa kiasi kikubwa. Ikisoma 120, upande mmoja umepotea. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana mahali.

Yetu ilisoma 120.

Nikamuuliza kama basi ile kompyuta ni mbovu kweli. Akacheka. "Mwandishi, ukimpigia mtu ukaambiwa hapatikani, unaenda kununua sanda?"

Akazifuata nyaya kwa mkono mpaka kwenye kiungo cha katikati, pale greda linapojikunja likikata kona. Mimi nikaachiwa mita. Alipotikisa fungu la nyaya namba ikaruka 60, ikarudi 120, ikaruka tena 60. Akafungua ganda: waya mmoja umesuguana na chuma mpaka umekatika, ncha zimeshika kutu ya kijani. Akakata sehemu mbovu, akaunga, akaziba maji yasiingie, akazisokota upya na kuzifunga mbali na chuma. Halikupita saa moja. Betri ikarudishwa, mishale ikainuka, gia ikaingia. Fuso likapiga honi ndefu.

Opereta hakuombwa radhi. Alipanda akaanza kusukuma udongo. Msimamizi alikuwa ameshahamia kwenye simu nyingine.

Hilo ndilo limenikaa kichwani. Namba ya hitilafu ilitaja nani hasikiki, haikutaja nani ana kosa. Katikati hapo watu wakajaza wenyewe, na ukijaza mwenyewe unamjaza mtu wa chini. Na sisi waandishi tunafanya hivyo hivyo mara nyingi: "hakupatikana kuzungumzia suala hili", halafu msomaji anamaliza hukumu.

La pili ni la elimu. Maelezo ya namba zile yamo kwenye vitabu vya Kiingereza na kwenye programu zinazouzwa ghali au zinazobaki kwa mawakala. Wenzetu Marekani wanaligombania jambo hili. Januari 2023 John Deere walisaini makubaliano na shirikisho la wakulima kuhusu kuwapa wakulima na mafundi huru vifaa na maelezo ya matengenezo, na mwaka huo huo jimbo la Colorado likapitisha sheria kuhusu mashine za kilimo. Hapa kwetu kijana huyu ana mita ya mkononi, masikio, na adabu ya kuuliza. Safari hii vilitosha. Ikiharibika programu yenyewe, je?

Mliosomea VETA au mnaofanya kazi na mitambo, niambieni: kuna mtu ameshaandika mambo haya kwa Kiswahili? Kama yupo, nataka nakala mbili. Moja naipeleka Korogwe.