Akiba ya Safari

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini upo uchungu mwingine ambao mithali hii haikuutaja, nao ni wa yule aliyemngoja mwana asije. Katika Unyamwezi, kama katika nchi nyingine, mwanamke asiyezaa huulizwa habari za tumbo lake na watu wasiothubutu kumwuliza mumewe neno. Huitwa tasa kabla hajapimwa, na huelekezwa dawa kabla maradhi hayajajulikana.

Tabora haijapata kuwa mgeni wa dawa za mbali. Katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo ikafika Unyanyembe. Hapo njia ziligawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo na shanga zilipanda bara, pembe na watumwa wakateremshwa pwani, na maarifa ya uganga yakafuata nyayo za wapagazi. Tiba ya sindano ya Kichina ni mgeni wa nyuma zaidi. Madaktari wa China walifika Unguja mwaka 1964 na Tanzania bara mwaka 1968. Mafundi wa tiba hiyo huchoma sindano nyembamba katika nukta maalumu za mwili, wakiamini kwamba nguvu ya uhai ina njia zake, na njia ikizibika mtu huugua. Leo husifiwa hata kwa wanawake ambao akiba yao ya mayai imepungua.

Akiba hiyo ni nini? Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga yapata milioni 1 hadi 2. Abalehepo hubaki kama 300,000 au 400,000, na katika hayo 400 hivi tu ndiyo yatakayopevuka na kutoka. Mengine hufa kimya kimya, azae asizae. Msafara uliopungukiwa posho uliweza kununua nafaka Unyanyembe na kuandika wapagazi wapya. Safari ya mayai haina Unyanyembe yake. Haijathibitishwa kwamba sindano huongeza hata yai moja.

Australia na New Zealand zilifanya jaribio kwa wanawake 848 waliokuwa wakitungishwa mimba nje ya mwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Waliochomwa sindano za kweli walijifungua watoto hai 18.3 kwa mia. Waliochomwa za bandia, 17.8 kwa mia. Jaribio hilo halikuwa la wenye akiba ndogo peke yao, lakini linatosha kumfanya mwenye busara asite. Sindano yaweza kumtuliza aliyechoka kwa huzuni, na utulivu si kitu cha kudharauliwa. Ila mwenye kuuza utulivu kwa jina la uzazi huchukua fedha ya mnunuzi pamoja na miaka yake, na miaka ndiyo asiyoweza kurudishiwa.

Tena, akiba ndogo si utasa. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017, juu ya wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasiokuwa na historia ya ugumba, haukuona kwamba wenye akiba ndogo walikawia kushika mimba kuliko wenzao. Na katika Afrika wanawake wengi hukosa mimba kwa sababu mirija yao imezibwa na maambukizo ya zamani. Wengine hukosa kwa udhaifu wa mbegu za mume. Sindano ya nukta haizibui mrija, wala haimpimi mume aliyebaki nyumbani.

Wafanyabiashara wa Unyanyembe waliinunua pembe kwa frasila, na haikulipiwa kabla ya kupanda mizani. Mwanamke anastahili haki ambayo pembe ilipewa: apimwe, na mumewe apimwe pamoja naye, kabla mtu yeyote hajataja jina la dawa au la aibu.