Ndani ya merikebu ya matanga: kazi, chakula na deni



Hapa Luano tunazoea sauti ya ndeke. Mutu anapanda asubuhi, na mbele ya jua kushuka amekwisha kufika inchi ingine. Tena kila siku tunasikia habari ya makamio yenye kubeba shaba, yanapita Kasumbalesa, mengine yanaenda mpaka Dar es Salaam, kwenye bahari. Lakini bahari yenyewe, wengi wetu hatujaiona kwa macho. Tunaijua paka kwa safari ya Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 27, ambamo watu 276 walikuwa ndani ya merikebu moja. Leo tuingie pamoja ndani ya merikebu ingine, isiyo na motere hata kidogo, tuone namna watu walivyoishi mule siku kwa siku.

Ilikuwa merikebu ya Kuwait. Mwezi wa 12 mwaka 1938, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliipanda katika bandari ya Aden. Nahodha, ni kusema mukubwa wa merikebu, aliitwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka pwani ya Afrika: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, na kiisha mdomo wa mto Rufiji. Mwaka 1939 wakarudi Kuwait. Villiers aliandika yote aliyoyaona, na ni maisha ambayo watu wa bahari ile waliishi kwa mamia ya miaka. Kiswahili tunachosema huku kwetu Katanga kilitoka kwenye pwani ile ile, kikipita njia za biashara ya pembe na shaba.

Kwanza tufahamu upepo. Katika bahari ya Hindi upepo uko na majira yake sawa na mvua yetu. Tangu karibu mwezi wa 12 mpaka wa 3, kaskazi inavuma na kusukuma merikebu kutoka Arabuni kuja Afrika. Kiisha inageuka, kusi inaanza, na merikebu zinarudi kwao. Mwenye kuchelewa anabaki bandarini, akingoja miezi mingi. Upepo haulipiwi hata franka moja, lakini haumungoji mutu.

Sasa, mahali pa kulala. Baharia hakuwa na chumba wala kitanda. Alilala juu ya mbao, mahali popote alipopata nafasi, katikati ya kamba na masanduku. Na safari ya kuja Afrika ilileta abiria pia, zaidi ya mia moja, watu wa Hadhramaut waliotafuta maisha Afrika. Wanaume walibanana juu, penye jua na umande. Wanawake waliwekwa chini, nyuma ya merikebu, ndani ya chumba chenye giza na joto, na hewa ilikuwa kidogo sana. Choo kilikuwa sanduku lililofungwa inje ya merikebu, juu ya maji. Maji ya kunywa yalichungwa ndani ya matangi ya mbao, kwa sababu ya bahari hayanyweki.

Chakula kilikuwa wali, samaki, tende, na mikate myembamba ambayo mupishi aliichoma pale pale juu, kwenye sanduku la moto. Watu walikaa kwa kuzunguka sahani moja kubwa na kula kwa mukono, sawa sisi na bukari yetu. Mara tano kwa siku walisimama kusali, kwa kuwa walikuwa Waislamu. Kiisha kila mutu alirudi kazini. Seremala naye hakukaa bure: njiani, juu ya merikebu hiyo hiyo, alijenga mashua ndogo ya kuuzisha.

Kazi nguvu kabisa ilikuwa kupandisha tanga. Tanga lilifungwa kwenye mti murefu sana uitwao foromali, na wanaume wote walivuta kamba pamoja wakiimba. Wimbo ndio uliwapa mwendo mumoja. Wazee wetu waliofanya kazi ya reli na ya mugodi wanajua jambo hili.

Huko Rufiji ndiko walikopata taabu zaidi. Mabaharia waliingia katika matope ya mikoko, wakakata na kubeba boriti, ni kusema miti ya kujengea, na mbu waliwauma usiku na muchana. Kule Arabuni miti ni haba. Kwa hiyo boriti za Afrika zilishika mapaa ya nyumba zao, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naomba tulitazame vizuri. Baharia hakuwa na mushahara wa mwezi, wala posho ya kupeleka nyumbani. Mwisho wa safari faida iligawanywa: fungu la merikebu, na fungu la watu. Je, bibi na watoto wake walikula nini miezi yote ile? Mbele ya kuondoka baharia alikopa kwa nahodha. Nahodha naye alikuwa na deni kwa mufanyabiashara. Safari ilipokwisha, fungu la baharia lilimezwa na deni, akakopa tena. Wakati wa joto wengi walikwenda kuzamia lulu, na huko pia walikuwa na deni. Mara ingine mutoto alirithi deni ya baba yake. Na bei ya lulu ilikuwa imeanguka sana, kwa kuwa Wajapani walikuwa wamejua kuzalisha lulu za kufugwa. Watu hawa walizunguka bahari kubwa, lakini nyongo iliwafunga kuliko kamba.

Mwaka ule ule wa 1938 petroli ilipatikana chini ya udongo wa Kuwait, mahali paitwapo Burgan. Mwaka 1946 wakaanza kuiuzisha inje. Pole pole mabaharia waliacha matanga, wakatafuta kazi ya mushahara. Al-Nejdi mwenyewe hakuacha kuipenda bahari: mwaka 1979, akiwa muzee, alikwenda kuvua samaki na bahari ikamuchukua.

Ndugu, dada, habari hii haiko mbali na sisi. Kijana anayeingia katika shimo kuchimba mawe kwa mikono, mara nyingi amekwisha kula feza ya mununuzi mbele ya kupata jiwe moja. Ni mununuzi huyo anayempa chakula, tena ni yeye anayepima mawe na kupanga bei. Na mama nyumbani hajui kitu. Ni vizuri aulize mapema, bila ugomvi: "Tata ya batoto, ile franka ulikamata kwa nani? Ni ngapi? Na tutalipa mupaka wakati gani?" Baba asikasirike. Waandike hesabu pamoja kwenye kaye ya mutoto, waiweke mahali pamoja na karatasi za nyumba, na siku baba anaporudi waifungue mbele ya kununua kitu chochote.